Bi Kamera Ajibu: Vugo, Bamvua na Kuli wa Marseille

Barua za mwezi huu zimenifikia kwa njia tatu: kwa simu, kwa bahasha, na moja kwa mkono wa mwenye punda aliyesema ameisoma njiani na jibu lake analijua. Nimechagua nane. Aliyeuliza mahari yangu ilikuwa kiasi gani, nimemruka kwa makusudi.

SWALI: Shikamoo Bi Kamera. Niko kidato cha tatu. Watu wanasema umepiga filamu na kuandika riwaya na hukuingia chuo chochote. Ulianzaje? Nami naweza?
Mwanafunzi, Witu

Marahaba mwanangu. Nilianzia harusini, tena upande wa wanawake. Lau si wanaume kukatazwa kuingia huko, leo ningekuwa nakaanga mahamri Langoni, hapa Amu (Lamu).

Mwaka 1996 kaka yangu alirudi kutoka Jeddah na kamera ya VHS, ile ya kuwekwa begani kama mtoto mwenye homa. Akaanza kupiga harusi: nikahi msikitini, bwana harusi akitembezwa, waume wakila biriani. Haukupita muda wanawake nao wakataka zao. Lakini usiku wa kupamba mwanamume gani ataingia? Kaka akaniita uani, akanionyesha vitufe viwili, cha kuanzia na cha kuvuta picha karibu, akasema vingine nisiviguse. Nilikuwa na miaka 19.

Harusi ya kwanza niliiharibu. Kina mama waliingia na vugo, zile pembe zinazopigwa kwa vijiti, nami kwa hamu nikajipenyeza hadi katikati yao. Tulipokuja kuicheza kanda, pembe hazisikiki wala nyimbo hazisikiki, ni mkoromo tangu mwanzo hadi mwisho. Nyanya wa bi harusi akanigeukia: "Mwanangu, mbona vugo letu lalia kama mtambo wa kusaga?" Harusi ya pili nikasimama nyuma ya nguzo, maikrofoni nimeizungushia pindo la leso mara mbili. Likalia kama vugo.

Lakini kilichonifundisha kazi hasa ni amana. Kanda ya upande wa wanawake haionwi na mwanamume. Humo watu wamevua mabuibui, wamesuka nywele, wanacheza. Na mafundi wa kuunganisha kanda niliowajua mimi, wote walikuwa wanaume wa Mombasa. Basi zikatwe na nani? Nikachukua deki ya pili kwa mkopo, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, mlango nimeutia komeo, nikaanza kukata mwenyewe. Ukikosea sekunde mbili, unarudi mwanzo. Baada ya harusi kama arobaini nikajishtukia: nilikuwa nakata uso wa bi harusi na kuuacha wa mamake. Bi harusi ameambiwa ainamishe macho, asicheke. Mamake hakuambiwa kitu. Ukitaka kujua posa hii ilikubaliwa kwa moyo upi, mtazame yeye. Filamu yangu ya kwanza ya hadithi ilitoka hapo hapo: mama anamtazama bintiye akipambwa, dakika 22, na huyo binti humwoni hata mara moja.

Riwaya nazo zina chimbuko lake. Ramadhani hakuna harusi. Mwezi mzima sina kazi, sina kipato, na usiku mtaa mzima uko macho. Baada ya tarawehe hadi daku nilikuwa nikiandika kwenye madaftari ya shule ya wapwa zangu, mengine yana hesabu za kugawanya upande wa pili. Riwaya zangu tatu zote ni za Ramadhani. Ukizisoma kwa makini utaona wahusika wangu wanawaza chakula kupita kiasi.

Chuo ukikipata, nenda. Kabla ya hapo tafuta mwenye harusi hapo Witu umwombe umshikie taa.

SWALI: Nina shilingi kidogo nimeweka. Ninunue kamera gani?
Kijana, Mokowe

Simu yako inatosha. Hizo shilingi nunua maikrofoni. Upepo wa Kusi ukiingia katika maikrofoni tupu ni kama mtu anachana tanga sikioni mwako. Yale manyoya ya kuivika bei yake Nairobi ni ya kukasirisha. Yangu nimeshona kwa ngozi ya dubu wa kuchezea wa mpwa wangu. Yeye sasa anasoma chuo kikuu na bado ananidai dubu.

SWALI: Bi, salaam. Siku uliyoonyesha filamu yako pale Mkunguni, mbele ya Ngome, nilikuwepo. Nahodha anaagana na mkewe, mashua inaelea. Mke anafuta machozi. Nahodha anageuka, mashua imekaa juu ya matope. Maji yalikwenda wapi kwa kufuta machozi mara moja?
Mvuvi, Kizingitini

Nilijua kuna siku mtu wa kisiwa cha Pate kama wewe atauliza. Watu wa bara waliitazama filamu hiyo wakapiga makofi, hakuna aliyeona. Ngoja nikiri mbele ya watu.

Tulianza siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Wewe unajua kuliko mimi: siku hizo huku kwetu maji hujaa alasiri, kama saa kumi na kitu, na wakati huo ndipo jua linapolegea, likapiga kuta za mawe za pwani zikawa rangi ya mkate wa mofa. Maji na jua vimekutana, hakuna cha kuomba zaidi. Tukapiga upande wa nahodha. Tulipogeuza kamera tupige upande wa mke, mawingu. Tukangoja. Magharibi ikaadhiniwa.

Kesho yake turudi? Maji kila siku huchelewa kama dakika 50. Jua halichelewi. Kesho yatajaa jua likiwa chini zaidi, keshokutwa yatajaa jua likizama, siku ya nne utapiga filamu ya giza. Ili maji yale na jua lile vikutane tena saa ile ile, ungoje kama siku 15. Mimi nilikuwa na watu 14 wanaokula mara tatu kwa siku na mwigizaji mmoja ambaye likizo yake inakwisha. Tukarudi baada ya wiki moja, na wiki moja ndiyo siku mbaya kuliko zote, kwa sababu saa ambayo wiki iliyopita maji yalikuwa yamejaa, sasa ndiyo yamekupwa. Najua utasema siku hizo ni za maji mafu, hayapwi sana. Kweli, lakini mashua tulikuwa tumeifunga karibu na ukuta ili ionekane, ikakaa.

Kuna jingine ambalo hukuliuliza. Tulipiga uso wa mke mara tano. Mara ya tatu alifuta chozi kwa ukingo wa kiganja, kama mtu anayepangusa unga, halafu akatazama ule mkono kana kwamba si wake. Sijamwambia afanye hivyo. Nyuma yake, kwa mbali, matope. Ningeweza kuchukua mara ya kwanza, ambapo kamera iko karibu na matope hayaonekani, na analia vizuri tu kama watu wanavyolia kwenye filamu. Nikachagua ule mkono. Nahodha alipogeuka kuelekea mashua, ilibidi itumike picha ya siku ile ile, nawe ukatuona.

Tangu hapo ratiba zangu naziandika kwa tarehe za mwezi mwandamo. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, na siku moja mbili baada yake, ni za pwani. Siku za katikati ni za ndani ya nyumba na vichochoroni. Mwenzangu wa Nairobi aliyekuja kunisaidia aliuliza kwa nini ratiba ina Rajabu na Shaabani. Alidhani ni majina ya waigizaji.

SWALI: Binti yangu, kila mahali wakuita mwongozaji wa kujitegemea. Mimi ni mzee, nauliza kwa kutojua: wajitegemea vipi, na juzi nimeambiwa uliazima hata ngazi?
Mzee wa Malindi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenifanya niinuke nikachukue daftari.

Ni daftari la jalada gumu, la mistari, limelowa maji ya chumvi pembeni. Kila filamu naianza kwa ukurasa mpya. Wenye kampuni kubwa wana mhasibu na vocha. Mimi nina hili. Nakunakilia sehemu ya ukurasa mmoja, majina nimeyaacha:

Pilau, watu 14, mama wa nyuma ya msikiti. Petroli lita 20, kwa ahadi. Punda wawili, asubuhi moja (mmoja alimng'ata mshika taa). Ngazi ya mbao, siku tatu. Kanzu ya marehemu, irudi bila doa. Fundi seremala: kimya, saa mbili.

Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi. Nyumba tuliyopigia Mkomani imepakana na karakana, na msumeno wa umeme hausikilizani na mazungumzo ya mapenzi. Mwongozaji mwenye pesa hununua kimya: ana walinzi, anafunga mtaa. Mimi nilikwenda nikaketi barazani kwa fundi, nikanywa kahawa yake vikombe viwili, nikamwambia shida yangu. Akazima msumeno saa mbili, na mlango wa mtu ulikuwa unangojwa. Hakutaka pesa. Akasema tu kwamba bintiye ameposwa.

Basi ndivyo ninavyolipa, mzee wangu. Daftari hili lalipwa kwa harusi. Harusi ya binti wa fundi niliipiga siku tatu, kesha hadi walima, bila senti. Nikishalipa napiga mstari. Mpaka leo asubuhi nadaiwa harusi tano, khitma moja, na kanzu ambayo doa lake halijatoka.

Neno "kujitegemea" walinipachika waandishi wa magazeti, na nadhani maana yake ni kwamba hakuna ofisi inayoniambia nikate nini. Hilo ni kweli. Lakini hakuna mtu Amu anayetegemea watu kuliko mimi, hata mwombaji wa mlangoni, maana yeye haombi ngazi. Ninapoandika riwaya, hapo ndipo najitegemea: kalamu, daftari, uji wa mtama, basi. Na ndiyo sababu kila nikimaliza filamu narudi kwenye riwaya, mwezi mmoja nisimwombe mtu kitu.

SWALI: Bi, katika toleo lililopita ulimtaja kwa mstari mmoja "mzee wa Dakar aliyekuwa kuli" ukasema yeye ndiye aliyekupa moyo wa kushika kazi mbili. Wanafunzi wangu wanataka kumjua. Ni nani?
Mwalimu wa Kiswahili, Mombasa

Mwalimu, ni Ousmane Sembène. Alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923, mtoto wa mvuvi. Shule ilimfukuza mwaka 1936. Akajaribu kuvua na babake, lakini bahari ikamkataa, alikuwa akichafukwa moyo. (Waamu mcheke taratibu.) Akaenda Dakar kufanya kazi za mikono, akapigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la Wafaransa, na baada ya vita akazamia meli kwenda Ufaransa. Huko Marseille akawa kuli bandarini na mtu wa chama cha wafanyakazi. Mwaka 1951 aliumia mgongo akipakua meli. Mtu aliyelazwa kwa mgongo hana kazi ila kusoma, naye alisoma. Riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1956, na ile iliyomjengea jina, ya mgomo wa reli ya Dakar hadi mto Niger wa miaka ya 1947 na 1948, ikatoka mwaka 1960.

Sasa hapa ndipo ninapompendea. Senegal ikapata uhuru mwaka huo huo, akarudi, akazunguka Afrika, akaona jambo ambalo mwandishi mwingine angelimeza kimya: wale makuli na wake wa wagoma reli aliowaandika hawawezi kumsoma. Ameandika kwa Kifaransa, na wengi wao hawakusomeshwa lugha yoyote. Akiwa karibu na miaka 40, na jina tayari analo, akaenda Moscow kwenye studio ya Gorky kujifunza kushika kamera upya kama mwanafunzi. Mwaka 1963 akatoa filamu ya dakika kama 20, Borom Sarret, ya mwenye gari la kukokotwa na farasi hapo Dakar. Anabeba watu asubuhi kutwa, wengine hawamlipi, mwisho anakubali kumpeleka mteja mtaa wa wakubwa ambako magari kama yake yamekatazwa, na gari lenyewe linachukuliwa. Nilipoiona mara ya kwanza niliwaza wachukuzi wetu wa gatini na punda wao. Hakuna anayehutubia. Unaona tu mtu anarudi nyumbani na farasi bila gari.

Kisha Mandabi, mwaka 1968, aliyoitoa kwenye kitabu chake mwenyewe, na ndiyo iliyozungumza Kiwolofu. Mzee mmoja anapokea hawala ya pesa kutoka kwa mpwawe anayefagia mitaa Paris. Ili kuzitoa anatakiwa kitambulisho. Ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa. Ili apate cheti ataje tarehe, naye anajua alizaliwa mwaka gani tu. Watu wa pwani, nani kati yetu asiyeijua safari hiyo? Nimewaonyesha mabibi wawili wa mtaani kwangu filamu hiyo, nikiwafasiria kwa mdomo, na walicheka hadi mmoja akainuka akaenda kunywa maji. Halafu dakika kumi za mwisho hawakucheka.

Alikuwa akizibeba filamu zake hadi vijijini, anaonyesha, anakaa kujadiliana na watu. Sinema aliiita shule ya usiku. Waigizaji wake wengi hawakuwa watu wa kazi hiyo; nina hakika naye alikuwa na daftari lake mahali.

Kuhusu lugha nina kisa. Mhariri wa riwaya yangu ya pili alinirudishia mswada umejaa wino mwekundu. Kuna bibi katika hadithi anasema, "Ndoo mwanangu, nitazame mato." Amekata, ameandika "Njoo mwanangu, nitazame macho," na pembeni ameongeza: ndoo ni chombo cha kutekea maji. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikampigia simu. Shida yake naielewa: kitabu wanataka kiingie shule, na mtahini hataki Kiamu, lahaja ya kwetu. Tukasuluhisha: msimulizi azungumze Kiswahili sanifu, bibi aachwe na kinywa chake. Lakini wiki nzima nilikuwa nikimfikiria Sembène na filamu yake Ceddo ya mwaka 1977. Serikali ya Senegal ilitaka jina liandikwe kwa d moja. Yeye akashikilia mbili. Filamu ikafungiwa nchini kwake kwa miaka. Rais alikuwa Senghor, mshairi tena bingwa wa sarufi, kwa hivyo huenda hata d ilimkera kweli. Ila wengi wanaamini sababu hasa ni kwamba filamu yaonyesha watu wanaokataa kusilimishwa kwa nguvu, na hilo ni zito katika nchi yenye Waislamu wengi kama Senegal. Mimi nilipigania mato yangu kwa simu ya shilingi hamsini.

Filamu yake ya mwisho, Moolaadé, ilitoka mwaka 2004 akiwa na miaka 81, ya mwanamke anayewakinga wasichana wasikeketwe, na ilipewa tuzo Cannes. Alifariki Dakar mwezi wa Juni, 2007.

Na wanafunzi wako wa kike wakiuliza wanawake wako wapi, wape jina la Assia Djebar wa Algeria. Alikuwa tayari mwandishi wa riwaya, akakaa zaidi ya miaka kumi bila kutoa riwaya mpya, na katika kimya hicho akarudi kwao mama yake, mlima Chenoua, akarekodi wanawake wakisimulia vita vya uhuru. Filamu iliyotoka humo ni ya mwaka 1977, na ilitunzwa na wahakiki Venice mwaka 1979. Alipoanza tena kuchapisha, sauti za wale wanawake zilikuwa zimeingia ndani ya kalamu yake. Hilo nalijua. Riwaya yangu ya tatu imejaa maneno ya usiku wa kupamba, na hakuna mhakiki aliyejua yametoka wapi.

SWALI: Nimeandika hadithi ndefu na kuna mtu anataka kuifanya filamu. Ananiambia nitie saini upesi. Nifanyeje?
Mwandishi chipukizi, Mpeketoni

Neno "upesi" ndilo jibu.

Mwaka 2009 alinijia mgeni mmoja, mtu mwenye kampuni, mcheshi, anakula pweza kwa mkono kama sisi. Alikuwa amesomewa riwaya yangu ya kwanza. Mkataba ulikuwa kurasa 11 za Kiingereza, na ndege yake yangoja Manda, na boti ya kumvusha imeshawasha mashine. Nilitia saini nimeweka karatasi juu ya pipa la dizeli. Ukurasa wa 7, niliotafsiriwa miezi baadaye, ulisema haki zote za hadithi hiyo, kwa kila njia inayojulikana na itakayovumbuliwa, ni zake, bila kikomo cha muda. Filamu hakuipiga. Mimi pia siwezi kuipiga. Riwaya iko madukani, watu wananiuliza mbona siifanyi filamu, natabasamu.

Sheria yenyewe si adui yako. Kenya, haki ya kunakili inazaliwa nawe unapoandika, si lazima usajili popote. Inakaa nawe uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hata hivyo sajili kwenye Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kwa sababu siku ya mabishano cheti ni ushahidi na kiapo cha shangazi yako si ushahidi. Katika mkataba angalia mambo haya: kitabu kiuzwe mbali na filamu mbali, mchapishaji wa kitabu asijipatie filamu kama nyongeza, na mwenye filamu apewe muda, tuseme miezi 18, asipoanza kazi hadithi irudi kwako yenyewe bila wewe kumlilia. Akikataa la muda, mwache aondoke na boti yake.

Ajabu ni kwamba riwaya ya kwanza ya yule mzee wa Dakar ilikuwa juu ya kuli anayeandika kitabu, mwanamke wa Kizungu akakitoa kwa jina lake. Niliisoma baada ya kutia saini. Vitabu navyo huja kwa wakati wake.

Ukifika wakati wa kupiga mwenyewe, kumbuka vibali. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222. Kazi ya kuonyesha hadharani ipitie Bodi ya Uainishaji ipewe alama ya umri. Droni iwe na ruhusa ya mamlaka ya anga. Kwa usalama wa huku kwetu, ukiirusha bila taarifa hutamaliza hata mzunguko mmoja kabla hujaulizwa wewe ni nani.

SWALI: Bi, huogopi Mungu? Filamu ni haramu.
Msomaji, hakutaja mji

Namwogopa. Nilikwenda kwa shekhe wangu nikamuuliza kama ulivyouliza. Akaniuliza kwanza kama waigizaji nimewalipa. Wakati huo nilikuwa nimelipa wawili. Akasema niende nimalize hilo kisha turudi kwenye swali.

SWALI: Shikamoo Bi Kamera. Ulipokuja kupiga filamu juu ya paa letu Shela nilikuwa mdogo, nikakatazwa kupanda. Sasa nimemaliza shule. Nakuomba nije nikusaidie chochote, hata kubeba waya. Mama amekubali.
Msichana wa Shela

Marahaba. Njoo. Tunaanza mwezi mwandamo ujao, tarehe 15, saa nane mchana, gatini. Vaa viatu vya plastiki visivyoteleza. Bangili acha nyumbani; maikrofoni yangu husikia bangili kabla ya maneno. Siku za mwanzo hutabeba waya. Utasimama mwanzo wa kichochoro, na ukisikia punda anavuta pumzi kabla hajalia, au mashine ya boti inakuja, utainua mkono mimi nikuone. Si kazi ndogo. Aliyeifanya kabla yako ameolewa Faza na bado namkosa.

Mamako mwambie namsalimu, na yumo kwenye daftari, ukurasa wa 9: "Paa, siku mbili. Mtungi mmoja, umevunjika." Mtungi mwingine nimeshanunua, uko chini ya ngazi yangu tangu mwaka jana. Ni mkubwa, na mimi magoti. Ukija utarudi nao.